“Kigiriki chake ni kuzamisha”: kitenzi baptizo kinasema nini hasa?

Mahari ilishakubaliwa na soda zilishafunguliwa, ndipo mjomba wa bwana harusi akaleta jambo lake. Binti, alisema, itabidi abatizwe upya kabla ya ndoa, maana ule ubatizo wa utotoni, wa kumwagiwa maji kidogo utosini, haukuwa ubatizo. “Neno lenyewe kwa Kigiriki ni kuzamisha,” akamalizia, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu. Baba mdogo wa binti, Mlutheri tangu tumboni, akaweka chupa yake chini. “Mzee mwenzangu, Kigiriki ulisomea wapi?” Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Kikao kilichotakiwa kwisha saa kumi jioni kikatoka saa moja usiku, na la mahari halikuguswa tena.

Mimi nilikuwa upande wa binti, kwa hiyo msinihesabu kuwa mwamuzi. Ila ubishi huu wa maji mengi na maji machache nimeusikia kwenye daladala, msibani, kwenye redio za dini na kwenye magrupu ya WhatsApp, na karibu kila mara anatokea mtu anayechomoa Kigiriki kama fimbo. Fimbo yenyewe hakuna anayeiangalia. Tuiangalie leo.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki cha watu wa kawaida, kile kilichotumika sokoni, bandarini na kwenye barua za nyumbani. Ndani yake mna vitenzi viwili vya ukoo mmoja: bapto na baptizo. Wa kwanza ndiye mkubwa na ndiye mzazi wa wa pili. Bapto ni kuchovya. Tajiri wa kwenye mfano wa Yesu anapoomba Lazaro “achovye ncha ya kidole chake majini” auburudishe ulimi wake, Kigiriki ni bapto. Tonge ambalo Yesu analichovya na kumpa Yuda, vilevile bapto. Na kwa kuwa nguo hutiwa rangi kwa kuchovywa, neno hilohilo lilikuwa la watia rangi. Fundi wa batiki anayeshindilia kitambaa kwenye beseni la rangi, Mgiriki angesema anafanya bapto.

Baptizo ni hatua moja zaidi. Chukua andazi, lichovye kwenye chai, litoe, kula. Hiyo ni bapto. Lichovye tena, safari hii ulisahau humo huku unapiga soga na jirani, likatike, nusu izame mpaka chini ya kikombe na wewe ubaki na kipande mkononi na aibu usoni. Ile nusu ya chini ndiyo iliyopatwa na baptizo. Kitu kimefunikwa, kimezidiwa, kiko chini ya mamlaka ya kile kilichokimeza. Mfano wa andazi una mwisho wake, kwa sababu wapo waliofanyiwa baptizo wakaibuka wakaenda zao nyumbani, lakini ladha ya neno ndiyo hiyo.

Ladha hiyo inaonekana vizuri zaidi nje ya Biblia, kwa watu ambao hawakuwa na kanisa la kutetea. Yosefo, mwandishi wa historia wa Kiyahudi, anasimulia safari yake ya kwenda Roma akiwa kijana wa miaka 26. Katikati ya bahari ya Adria meli yao ilizama, na neno analotumia ni baptizo. Anasema walikuwa kama watu 600 wakaogelea usiku kucha, na kama 80 kati yao wakaokolewa na meli nyingine kulipokucha. Yosefo huyohuyo anaeleza jinsi Aristobulo, kuhani mkuu kijana, alivyouawa Yeriko kwa amri ya Herode: walimchukua kuogelea, wakamshikilia chini ya maji mpaka akakata roho. Hapo pia, baptizo. Na anapoandika kwamba magenge ya wahalifu yalifurika Yerusalemu mpaka yakauangamiza mji, anasema magenge hayo “yaliuzamisha” mji, kwa kitenzi kilekile. Hapakuwa na tone la maji.

Sasa hapa ndipo Mswahili anapokuwa na bahati kuliko wasomaji wengi, kwa sababu kitenzi chetu cha kuzama kinatembea njia zilezile. Sisi husema fulani amezama kwenye madeni. Plutarko, mwandishi wa Kigiriki, akimweleza Otho aliyetawala Roma kwa miezi michache mwaka 69, anasema alikuwa amezamishwa kwenye deni la milioni 50, na kitenzi ni baptizo. Sisi husema mtu amezama kwenye pombe. Katika karamu moja iliyosimuliwa na Plato, wageni wanajadiliana wanywe kiasi gani usiku ule, na Aristofane, mtunzi wa vichekesho, anakiri kuwa yeye ni mmoja wa “waliozamishwa” jana yake. Baptizo tena. Mtu mwenye hangover wa Athene na mtu mwenye mikopo ya kausha damu wa Manzese wangeelewana bila mkalimani.

Kwa hiyo mjomba ana haki yake, na baba mdogo ajue hilo. Kigiriki kilikuwa na neno la kunyunyiza, rantizo, na Waraka kwa Waebrania unalitumia zaidi ya mara moja, kama pale unaposema mioyo “imenyunyiziwa”. Kilikuwa na neno la kumimina, ekkheo. Waandishi wa Injili wangetaka kusema Yohana alikuwa akiwanyunyizia watu maji, maneno yalikuwepo tele. Walichagua baptizo. Marko anasema Yesu alibatizwa “ndani ya” Yordani, kwa kihusishi cha kuingia kitu ndani ya kitu. Yohana Mbatizaji alikwenda Ainoni “kwa sababu huko kulikuwa na maji tele”. Na Paulo anapouita ubatizo kuzikwa pamoja na Kristo, taswira inayomjia msikilizaji si ya kudondoshewa matone. Luther mwenyewe, katika mahubiri yake ya mwaka 1519, alikubali kwamba neno hili kwa asili ni kuzamisha, na akasema ingependeza kama desturi ingefuata maana hiyo. Nilipomtajia baba mdogo jambo hili wiki iliyofuata, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Ila mjomba naye asikimbilie kupiga vigelegele.

Wayahudi waliokuwa wakizungumza Kigiriki, miaka mingi kabla ya Yohana, walikwishaanza kulitumia neno hili kwa usafi wa kidini. Naamani, jemadari mwenye ukoma, “akajichovya mara saba katika Yordani”. Tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kigiriki ina baptizo, na kwa huyo hakuna ubishi, alizama. Yudithi naye, katika kitabu kilicho kwenye Biblia za Wakatoliki, anatoka kila usiku kwenda kujitakasa kwenye chemchemi iliyokuwa kambini mwa maadui. Neno ni hilohilo, ila kitabu hakisemi aliingia kiasi gani. Halafu tunakuja kwa Marko sura ya 7, mahali ambapo wabishi wa pande zote mbili hupita haraka. Mafarisayo wakitoka sokoni hawali mpaka wafanye baptizo. Biblia ya Union ilitafsiri hivi: “wasipotawadha, hawali.” Kutawadha! Mtafsiri alichukua neno ambalo kila mtu wa pwani analijua kutoka msikitini, na kwa maoni yangu alipatia kabisa, kwa sababu kinachozungumziwa ni kujisafisha kwa utaratibu wa dini, na mkazo uko kwenye usafi wenyewe. Baadhi ya nakala kongwe za Marko zina rantizo mahali hapo badala ya baptizo, yaani kuna mtu zamani sana, akiwa na kalamu mkononi, aliyeona maneno hayo mawili yanaweza kukaa kiti kimoja. Katika Luka 11, Farisayo anashangaa Yesu hakufanya baptizo kabla ya chakula. Tafsiri yetu inasema “hakunawa”, na wasomi wengi wanaona ni mikono tu.

Kwa hiyo kufikia siku za Yesu neno lilikuwa na miguu miwili. Mmoja ulikuwa bado kwenye maji marefu, pamoja na meli na walevi. Mwingine ulikuwa umekanyaga kwenye ibada, ambako lilianza kumaanisha kutakaswa kwa maji kwa jinsi inayokubalika. Neno likishaingia ibadani, matendo hayaamuliwi tena na kamusi. Fikiria neno letu “kufuturu”. Asili yake ni kufungua kinywa baada ya kufunga, lakini mwambie Mswahili “karibu futari” halafu umpe kokwa moja ya tende na glasi ya maji, uone atakavyokutazama. Huwezi kumshinda kwa kumfungulia kamusi ya Kiarabu.

Ushahidi mzuri zaidi wa hili ni andiko dogo la Kikristo liitwalo Didake, ambalo wasomi wengi huliweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Walioliandika walikuwa wakifikiri kwa Kigiriki. Hawakuhitaji mchungaji wa kuwatafsiria baptizo. Maagizo yao ni haya: batizeni kwa maji yanayotiririka. Kama hayapo, tumieni maji mengine. Kama hamwezi kwa baridi, tumieni ya vuguvugu. Kama hamna yoyote kati ya hayo, mmiminieni kichwani mara 3. Kumimina hapo ni ekkheo, na bado tendo zima linaitwa ubatizo. Kawaida yao ilikuwa maji mengi, dharura yao ilikuwa maji machache, na hawakuona kwamba kitenzi kimevunjika. Hata leo sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 854, inaruhusu njia zote mbili, kuzamisha na kumimina, jambo ambalo Wakatoliki wengi niliowauliza hawakulijua. Nao Waorthodoksi, wakiwemo wa Kenya na Uganda, huzamisha mara 3, na huwazamisha watoto wachanga. Hilo linawavuruga wote wawili kwenye kikao chetu: maji mengi kama anavyotaka mjomba, mtoto mchanga kama anavyotaka baba mdogo. Swali la kiasi cha maji na swali la umri ni mawili tofauti, na baptizo halijui lolote kuhusu umri.

Kuna hoja ndogondogo za kupitia haraka. Ile kwamba watu 3,000 wa siku ya Pentekoste hawangeweza kuzamishwa kwa sababu Yerusalemu haikuwa na maji: ilikuwa nayo. Palikuwa na birika kubwa za Siloamu na Bethzatha, na wachimbuaji wamefukua visima vingi vya ngazi vya kujitakasia kando ya lilipokuwa hekalu. Ile kwamba Filipo na towashi “walishuka majini”, basi lazima towashi alizamishwa: andiko linasema walishuka wote wawili, na Filipo hakuwa anabatizwa. Kushuka kunatuambia walikanyaga maji tu. Ile ya “kwa maji” dhidi ya “katika maji”: kihusishi en cha Kigiriki kinabeba yote mawili, kama kiambishi chetu -ni kinavyobeba “ndani ya”, “kwenye” na “kutoka” kutegemea kitenzi. Huwezi kujenga kanisa juu yake.

Halafu ipo ile ya achari. Huu ni ujumbe unaozunguka sana, umetumwa na kutumwa tena mpaka umechoka. Unasema kuna mapishi ya kale ya Kigiriki ya kutengeneza achari: mboga kwanza inachovywa kwenye maji moto, hiyo ni bapto, ya muda tu; kisha inazamishwa kwenye siki, hiyo ni baptizo, inayobadilisha kitu moja kwa moja na hakirudi kilivyokuwa. Kisha mhubiri anauliza: wewe ulichovywa au ulikolezwa? Ni mahubiri matamu, nakiri yaliwahi kunigusa. Lakini yapime kwa tulichokwishaona. Kitambaa kilichotiwa rangi ni bapto, na rangi ile haitoki hata ufue kwa sabuni ya kipande mchana kutwa. Vyombo na mikono ya Mafarisayo ni baptizo, na kesho vinachafuka, vinasafishwa upya. Kitenzi chenyewe hakina ahadi ya kudumu wala kutodumu. Kudumu kwa badiliko Paulo anakufundisha kwa sentensi nzima na kwa hoja, hajakuficha ndani ya silabi.

Na hata lile la kulowa lina mshangao wake. Paulo anasema baba zetu wa jangwani “wote wakabatizwa wawe wa Musa katika wingu na katika bahari”. Rudi kwenye Kutoka 14 uangalie nani alilowa siku ile. Waisraeli walipita pakavu. Waliozama ni Wamisri, na hakuna anayesema Farao alibatizwa. Hapo Paulo anatazama kitu kingine: watu walioingia upande mmoja wakiwa watumwa wa Farao wakatokea upande wa pili wakiwa watu wa Musa. Yesu naye anapowauliza wana wa Zebedayo kama wanaweza “kubatizwa ubatizo nibatizwao mimi”, haongelei maji. Anaongelea kifo kinachokuja kumfunika. Hapo tunarudi kwa Yosefo na meli yake.

Hili la “kuwa wa fulani” ndilo linanipeleka kwenye kosa ambalo naliona kubwa kuliko la kiasi cha maji, ila halijawahi kuvunja kikao cha posa. Kwetu, kubatiza kumekuwa kutoa jina. Tunauliza, “Jina lako la ubatizo nani?” Mashabiki wanambatiza mshambuliaji jina, basi bovu la mtaa linabatizwa jina, na hakuna anayekumbuka maji. Neno liliingia Kiswahili bila kutafsiriwa. Maneno mengi ya dini tuliyapata kwa mlango wa Kiarabu, kama sala, dhambi, imani na hata Injili, lakini hili lilipitia mlango mwingine, kutoka Kigiriki kwenda Kilatini na lugha za wamisionari. Ndiyo maana hatusemi maamudiya kama Wakristo Waarabu. Neno lisilotafsiriwa huja kama chungu kitupu. Watu hulijaza kwa kile wanachokiona, na walichokiona wazee wetu ni mtu kuingia kanisani akiwa na jina la babu yake na kutoka akiwa Petro. Wala si sisi tu: Wagiriki wa leo nao hutumia kitenzi hichohicho kwa maana ya kumpa mtu jina.

Lakini kwenye Agano Jipya jina linalotajwa kwenye ubatizo si la anayebatizwa. “Mkiwabatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu” kwa Kigiriki ni eis to onoma, “kuingia kwenye jina”. Hati za biashara za Kigiriki zilizochimbwa kwenye mchanga wa Misri zinatumia maneno hayohayo pale mali au fedha inapoingizwa kwenye hesabu ya mtu. Ukituma pesa kwa simu, kabla hujabonyeza namba ya siri, jina la mpokeaji hutokea kwenye kioo, nawe unalikagua mara mbili, kwa sababu ukishathibitisha, pesa ni ya mwenye jina lile. Ndiyo maana Paulo anakasirika Wakorintho walipojigawa kwa vyama vya waliowabatiza: “Au, je! mlibatizwa kwa jina la Paulo?” Anauliza hesabu yao iko kwa nani.

Wengi huamini kwamba hata Paulo mwenyewe ni ushahidi wa kinyume, kwamba aliingia majini Sauli akatoka Paulo. Fungua Matendo 9. Anabatizwa Dameski katika mstari wa 18, na mistari michache mbele bado anaitwa Sauli. Anaitwa Sauli sura ya 11 akiwa Antiokia, na Sauli sura ya 12. Sura ya 13, baada ya miaka, Roho Mtakatifu anasema, “Nitengeeni Barnaba na Sauli.” Jina Paulo linatokea kwa mara ya kwanza mstari wa 9 wa sura hiyo, kisiwani Kipro, mbele ya liwali wa Kirumi ambaye naye aliitwa Paulo, na Luka analipitisha kama mtu anayeeleza jina la pili ambalo rafiki yake alikuwa nalo muda wote: “Sauli, ambaye ndiye Paulo.”